Ufuta uliotiwa mkateni makusudi

Mkate wa ufuta wa Zanzibar haufichi kitu. Ufuta umetapakaa juu, umeiva kwa moto wa makaa, na jina lenyewe linautaja. Mwenye mzio nao anaupita kando. Balaa ni ufuta uliofichwa ndani ya kinyunga.

Julai 17, 2026 inatimia miaka kumi tangu Natasha Ednan-Laperouse, binti Mwingereza wa miaka 15 mwenye mzio wa ufuta, anunue mkate wa duka la Pret a Manger pale uwanja wa ndege wa Heathrow. Karatasi yake haikutaja ufuta uliookwa ndani. Akazidiwa ndani ya ndege ya kwenda Nice, akafariki siku hiyohiyo. Wakati huo sheria haikulazimisha chakula kilichofungwa dukani kuandikwa viambato kimoja kimoja. Sheria inayobeba jina lake ilianza kutumika Oktoba 1, 2021.

Marekani walikuwa na sheria yao tangu 2004, iliyoanza kazi 2006: maziwa, mayai, samaki, kamba na jamaa zake, karanga, jamii ya lozi na korosho, ngano na soya lazima vitajwe. Visipotajwa, bidhaa huondolewa sokoni, na hiyo imekuwa sababu kubwa ya bidhaa za chakula kurudishwa huko. Mara nyingi kosa ni la kizembe tu: biskuti za karanga zimeingia pakiti ya biskuti za maziwa, au mapishi yamebadilika na lebo ni ileile ya zamani.

Ufuta ukaongezwa kuwa wa tisa kuanzia Januari 1, 2023. Hapo ndipo vituko vilipoanza. Mbegu ya ufuta ni ndogo, inashika kwenye mikanda na mabomba, na kuisafisha kiwandani ni gharama. Baadhi ya waokaji wakapiga hesabu: kuliko kusugua mashine, bora tutie unga wa ufuta kidogo, kisha tuuandike. Mikate iliyokuwa salama kwa mwenye mzio ikawa sumu kwake, na lebo inasema kweli tupu! Wazazi waliopigania sheria wakajikuta rafu za mkate zimewafungia mlango. Mamlaka ya chakula, FDA, ikasema haipendezwi, ila sheria haijavunjwa. Juni 2024 iliiandikia barua ya onyo kampuni ya Bimbo Bakeries USA kwa kinyume chake: kuorodhesha ufuta na jamii ya lozi na korosho ambavyo havimo kwenye mkate.

Kwetu Tanzania, ufuta wa wakulima wa Lindi na Mtwara unauzwa nje kwa tani, na tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya shirika la viwango, TBS. Lakini kashata ya ufuta ya stendi bado imo kwenye nailoni iliyofungwa fundo, bila hata kipande cha karatasi. Muulize muuzaji kama karanga zilipita kwenye kikaango. Atakucheka, kisha akuonjeshe bure.