Lori la sinema Kakuma: somo kwanza, kicheko baadaye

Lori la sinema lilizunguka Afrika Mashariki miongo mingi kabla Kakuma, kaskazini-magharibi mwa Kenya, haijawa kambi ya wakimbizi. Mwaka 1935 mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment uliweka makao Vugha, huko Usambara, ukapiga filamu takriban 35 kwa miaka miwili na kuzipeleka vijijini. Nyingi zilihubiri mambo kama kodi, safura na mmomonyoko wa udongo. Katikati ikapenyezwa ngano ya Sungura na Chui. Na nani angetembea usiku kwenda kutazama minyoo tu?

Kambi ya Kakuma ilifunguliwa 1992, ikapokea vijana wa Sudan waliokuwa wamekwisha kukimbia mara mbili, kwao na kisha Ethiopia. Mwaka 2001 likaja shirika la FilmAid, ambalo mtayarishaji filamu wa Marekani, Caroline Baron, alikuwa amelianzisha 1999 kwa ajili ya wakimbizi wa Kosovo. Giza lilipoingia, lori liliegeshwa uwanjani, jenereta ikanguruma, watoto wakakaa chini mbele kabisa, na vumbi la Turkana likaelea kwenye mwanga wa projekta. Wazo lilikuwa lilelile la Vugha, somo pamoja na burudani: kwanza ukimwi au malaria, ndipo sinema yenyewe.

Mimi naona somo lile lilikuwa kiingilio tu. Mkimbizi hakuruhusiwa kutoka kambini bila kibali. Hata Lodwar, kilomita kama 120 hivi, ilikuwa safari ya kuombea karatasi. Kwa mtu wa namna hiyo, filamu ya majini, wafalme na watu wanaopaa ni matembezi yasiyoulizwa kibali. Tena vichekesho vina faida moja kubwa mahali ambapo Mdinka, Msomali, Mkongo na Mturkana wamekaa pamoja: mtu akiteleza na kuangukia ndoo, hahitaji mkalimani.

Panapohitajika mkalimani, soko limempata. Kwenye mabanda ya video, yale ya mabati na viti vya mbao yaliyoenea Kenya nzima, sauti maarufu ni ya DJ Afro, msimuliaji wa filamu kwa Kiswahili. Humchukua shujaa wa Hong Kong au Hollywood, humpa jina la mtaani na kumtia maneno ambayo mwandishi wa filamu hakuyaota. Chui wa Vugha angechekesha zaidi mikononi mwake. Huko watu hulipa kiingilio kwa hiari yao, na hakuna anayewatangulizia malaria.