Taa Ndogo Juu ya Bunduki

Lori la polisi lilisimama Kakuma kupisha mbuzi. Nyuma walikaa vijana wenye kofia za chuma, na bunduki mbili kati ya zile nilizoziona zilikuwa na kijibomba cheusi juu, kifupi kama kidole gumba, chenye kioo mbele. Mzee niliyekuwa nimeketi naye chini ya mgunga alikitazama kile kijibomba hadi lori likaondoka.

"Mwanangu, ile taa inafika wapi?"

Mzee huyu alikuwa polisi wa akiba kwa miaka mingi, akilinda mifugo kwa bunduki ya serikali bila mshahara, na ameomba jina lake lisiandikwe. Nilimjibu kwa namba niliyoisoma: mita 300. Akacheka, akanyoosha fimbo yake ng'ambo ya mkondo mkavu wa laga ya Tarach, ambako kulikuwa na kitu cheusi kikitembea kuja kwetu.

"Yule yuko mita ngapi?"

"Kama 300, mzee."

"Haya, niambie. Ni mwanamume au mwanamke?"

Sikuweza kumwambia. Hewa ya saa nane mchana ilikuwa ikicheza juu ya mchanga, na mtu yule alikuwa akirefuka na kufupika kama moshi.

Nchi ya Turkana imeletewa namba za aina hii kwa zaidi ya miaka mia, na kila bunduki iliyoingia ilikuja na zake. Za kwanza zilishuka kutoka Ethiopia, enzi za mfalme Menelik, pamoja na wafanyabiashara wa pembe za ndovu. Mwanahistoria John Lamphear, ambaye kitabu chake kuhusu Waturkana kilitoka mwaka 1992, anaeleza jinsi viongozi wa vita kama Ebei walivyozitumia kuwakabili Waingereza. Mwaka 1918 Waingereza walituma kikosi kikubwa, msafara wa Labur, wakanyang'anya mifugo na silaha. Waturkana wakabaki mikono mitupu huku majirani wa kaskazini wakiendelea kupata bunduki kutoka Ethiopia. Mzee wangu hajasoma kitabu hicho, lakini hapo ndipo anapoanzia kila habari. Ukimuuliza kuhusu wizi wa juzi, atakurudisha 1918.

Baadaye ikaja .303 ya Mwingereza. Lee-Enfield ya wakati wa vita kuu ya kwanza ilichorwa kwenye chuma chake cha kulengea namba zinazofika yadi 2,000, karibu kilomita mbili. Hakuna jicho la binadamu linaloweza kumchagua mtu mmoja kwa umbali huo. Namba zile ziliwekwa kwa ajili ya kikosi kizima kufyatua kwa pamoja kuelekea mahali fulani, kama mvua. Mdogo wake, Mark 4, ndiyo aliyopewa mzee alipojiunga na akiba, kisha akapewa G3. Hiyo ina gurudumu dogo nyuma lenye namba nne tu: 1, 2, 3 na 4, zikiwakilisha mamia ya mita. Mzee anasema hakuwahi kulizungusha. Liliwekwa kwenye 2 siku aliyokabidhiwa na lilikuwa kwenye 2 siku aliyorudisha.

Lakini bunduki iliyobadilisha maisha ya hapa haikutolewa na serikali ya Kenya. Ilitoka Moroto, ng'ambo ya mpaka Uganda.

Ili kuielewa Moroto ni lazima uanze na Lokiriama, magharibi ya Lodwar, kule Loima. Mwishoni mwa 1973 wazee wa Turkana na wa Matheniko wa Uganda walikutana huko, wakafukia silaha ardhini na kula kiapo kwamba hawatapigana tena. Si chifu wala mkuu wa wilaya aliyewaamuru. Kiapo hicho kingalipo, na kila Septemba watu wa pande zote mbili hukusanyika Lokiriama kukikumbuka, kwa ng'ombe wa kuchinjwa, nyimbo na hotuba za wanasiasa zinazozidi kurefuka kila mwaka. Mikataba mingapi iliyotiwa saini kwenye hoteli zenye kiyoyozi imefikisha hata nusu ya umri huo?

Sasa, Aprili 1979, Kampala ikaanguka mikononi mwa jeshi la Tanzania na waasi wa Uganda. Wanajeshi wa Idi Amin waliokuwa kambi ya Moroto wakatimua mbio, ghala la silaha likabaki bila mlinzi. Matheniko ndio waliokuwa jirani. Waliingia, wanaume kwa wanawake, wakabeba siku baada ya siku, mizigo mingine ikapandishwa juu ya punda. Hesabu za silaha zilizotoka mle zinatofautiana kwa maelfu, na mimi siiamini hata moja, maana hakuna aliyekuwa mlangoni na daftari.

Mzee alikuwa kijana wa kuchunga. Anasimulia kwamba waliozipata mapema upande huu ni waliokuwa na ndugu wa kiapo upande ule. Kile kilichofukiwa Lokiriama kilifungua njia, na njia ikipita amani hupita na mengine. Bunduki zilikuja kupitia Oropoi zikibadilishwa kwa ng'ombe. Kisha ukaja ukame ambao Waturkana wanauita Lopiar, ule uliofagia. Mifugo ikafa kwa malundo, ng'ambo ya mpaka Karamoja watu wakafa njaa kwa maelfu mwaka 1980, na mwenye bunduki akawa ndiye mwenye nafasi ya kujaza boma lake upya kwa mali ya mwingine. Ng'oroko, majambazi waliokuwa wakisumbua tangu zamani, wakapata meno mapya.

Na AK, bunduki ya Kirusi iliyokuwa kati ya zile za Moroto, ilikuja na namba zake. Kwenye kipande chake cha kulengea zimechorwa 1 hadi 8, mita 800, na toleo la baadaye likafika 1,000. Nyuma kabisa kuna alama moja ya herufi ya Kirusi, ambayo askari huiacha hapo wakati wa vita: ukilenga kwenye mkanda wa kiunoni, risasi itampata mtu popote alipo hadi karibu mita 300, bila hesabu. Wachungaji wa Turkana, ambao hawakufunzwa na Mrusi yeyote, walifikia uamuzi uleule kwa njia yao. Husogea karibu.

Kile kijibomba cha kwenye lori, basi, kimetoka wapi? Wazo lenyewe ni la Howard Grubb, fundi wa darubini wa Dublin, aliyelipatia hati mwaka 1900: kioo kinachokuonyesha alama ya mwanga kana kwamba imening'inia kule mbali kwenye shabaha. Ndege za vita zililitumia miongo mingi kabla ya bunduki za mkononi. Mwaka 1970 makomando wa Marekani waliokuwa wakijiandaa kuvamia gereza la Son Tay, Vietnam ya Kaskazini, waliona kwamba gizani hawapigi kitu hata karibu, wakanunua vifaa vya nukta nyekundu vilivyokuwa vikiuzwa kwa raia, wakavifunga kwenye bunduki zao. Walivamia usiku wa Novemba 21, wakakuta wafungwa walishahamishwa. Miaka mitano baadaye kampuni ya Aimpoint ya Sweden ikauza kifaa chake cha kwanza cha umeme, na mwaka 1997 jeshi la Marekani likakichukua kizazi cha baadaye kuwa chake rasmi.

Hakikuzi kitu. Hapo ndipo wengi hukosea, wakidhani ni darubini. Unachokiona ndani yake ni kilekile unachokiona nje yake, ila kina nukta nyekundu juu. Faida yake ni kwamba unafungua macho yote mawili, na jicho halilazimiki kurukaruka kati ya chuma cha nyuma, chuma cha mbele na mtu. Kwa mzee ambaye macho yamechoka kuona vitu vya karibu, hiyo ni nafuu kubwa. Ila nukta nayo ina unene wake. Iliyo ndogo, ya dakika mbili za pembe, hufunika kama sentimita 6 kwa mita 100 na 17 kwa mita 300. Ya dakika nne hufunika sentimita 35 kwa mita 300, yaani karibu kifua kizima. Askari wa Marekani hupimwa nacho kwa shabaha zinazosimama hadi mita 300, na shabaha hizo zinajulikana ni za kupigwa. Kiwanja cha mazoezi hakina mtoto anayetafuta mbuzi aliyepotea.

Nilimsomea mzee namba hizi. Aliuliza kama taa husaidia jicho lenye trakoma, ugonjwa ambao umepofusha macho mengi Turkana. Haisaidii. Jicho lenye kasoro ya konea hata huiona nukta kama nyota iliyopasuka. Akauliza kuhusu mathenge, vichaka vya miiba vilivyomeza kingo za Turkwel na Tarach. Humo umbali ni hatua 20, na humo, nadhani, ndimo kijibomba kile kitakapofaa kuliko mahali popote.

Yaliyofuata Moroto yamejaa kwenye magazeti. Mwaka 2008 watafiti wa Small Arms Survey waliandika kwamba karibu nusu ya risasi zilizokuwa zikizunguka kinyume cha sheria Turkana Kaskazini zilitokana na polisi wenyewe. Mwaka 2016 serikali ilichoma bunduki 5,250 Ngong mbele ya kamera. Mwaka 2019 polisi wa akiba walinyang'anywa silaha ili wakaguliwe upya, na mzee akarudisha G3 yake ikiwa bado kwenye 2. Februari 2023 jeshi liliungana na polisi katika operesheni ya Bonde la Ufa Kaskazini. Historia nyingine huhifadhiwa: Lodwar inatunza nyumba aliyofungiwa Kenyatta enzi za mkoloni, na ni vyema. Ningependa siku moja nione pia, nyuma ya kioo, hata bunduki moja ya zile zilizopita Oropoi, na kibandiko kinachosema ilinunuliwa kwa ng'ombe wangapi.

Tulikuwa bado tunazungumza wakati yule mtu wa ng'ambo ya laga alipotufikia. Alikuwa msichana wa shule, na mgongoni alikuwa amembeba mdogo wake aliyelala. Walikuwa wawili muda wote.