Majengo Yaliyojengwa Kupumua

Hivi karibuni nilisubiri kwa muda wa saa mbili katika ofisi moja ya umma hapa Nyakato, Musoma. Kiyoyozi kilinguruma juu ya kichwa changu, nami nilitokwa jasho. Pazia la dirisha lililofungwa lilikuwa likipepea. Dirisha lenyewe ni la luva, vile vioo vyembamba vilivyopangwa kama magamba ya samaki. Vitatu havipo, na vilivyobaki havigusani. Juu yake ipo safu ya tofali za matundu. Chini ya mlango mtu alikuwa amesokota gazeti na kulipachika kwenye pengo. Gazeti hilo ndiyo sera pekee ya nishati niliyoiona humo ndani.

Tusimlaumu fundi. Matundu hayo yaliwekwa kwa makusudi. Msonge wa wazee wetu ulitoa moshi na joto kupitia nyasi za paa. Mwaka 1956 Waingereza Maxwell Fry na Jane Drew walichapisha kitabu kuhusu usanifu wa nchi zenye joto na unyevu, na fundisho lake lilikuwa jepesi: jengo lielekezwe kwenye upepo, ukuta upewe kivuli, hewa iingie upande huu na kutokea upande ule. Fikra za namna hiyo ziliongoza ujenzi mwingi wa miaka ya uhuru. Soko la Kariakoo, alilolisanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliachiwa hewa ipite chini ya paa lake la miamvuli. Nasi wa Musoma tulikuwa na mshirika asiyedai malipo: mchana upepo huvuma kutoka ziwani, usiku hugeuka ukatoka nchi kavu.

Kiyoyozi kina nasaba nyingine. Willis Carrier alikibuni mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, Marekani, ambako unyevu uliharibu kazi ya karatasi. Mashine hiyo ina sharti moja, kwamba chumba kifungwe. Hewa baridi ni nzito, hivyo hutorokea chini ya mlango. Hewa ya joto huingia kwa juu kuziba nafasi yake, na mashine hulazimika kuipoza na kuikausha upya, kutwa nzima. Sisi tulinunua mashine, sharti tukaliacha dukani.

Bei ya mafuta ilipopanda karibu mara nne kati ya 1973 na 1974, nchi za baridi zilianza kutafuta nyufa za nyumba zao. Watafiti wa Sweden, Marekani na Kanada walifunga feni kubwa mlangoni ili kupima hewa inayovuja. Sisi tulidhibiti magari. Wenye umri wanakumbuka marufuku ya kuendesha Jumapili alasiri. Majengo hatukuyagusa, na hatukukosea, kwa kuwa mengi yalipozwa na upepo.

Kosa lilikuja baadaye. Mwaka 2006 maji ya Mtera yalipungua na taifa likaingia gizani kwa zamu. Ukafuata mkataba wa Richmond, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Tulibishana, kwa haki kabisa, kuhusu nani alituuzia umeme na kwa masharti gani. Sikumbuki tukiuliza umeme huo unapotelea wapi ukishafika ndani ya jengo la serikali. Sasa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limetupa kisingizio kipya cha kutouliza. Mama lishe wa Nyakato huhesabu uniti zake za LUKU moja moja. Uniti zinazopepesha pazia la ofisi ile hulipiwa na kodi yake pia.

Sipendekezi kuziba kila tundu. Darasa na wodi viachwe vipumue, kifua kikuu bado kipo. Ofisi nyingi za Musoma zingetosheka na madirisha mazima yaliyofunguliwa. Lakini chumba kinachopozwa kwa mashine kistahili raba ya mlango, silikoni kwenye fremu na dirisha linalofunga. Na kwenye maghorofa yenye mabomba ya hewa juu ya dari, viungo vyake vikaguliwe, kwa sababu huko uvujaji hauonekani.

Nilimweleza haya karani aliyenihudumia. Alinisikiliza kwa adabu.

“Daktari,” akasema, “kifungu cha milango hakina kitu mwaka huu. Ila kiyoyozi cha pili kimeshaidhinishwa.”