Habari za Ukeketaji Katika Nchi ya Wakurya, na Kazi ya Kuukomesha

Siku ya jubilei twamshukuru Mungu kwa makanisa, shule na hospitali zilizojengwa. Lakini yatupasa kukumbuka pia kazi moja isiyokwisha bado, nayo ni kuwaokoa binti zetu na kisu cha ngariba.

Hapa Nkende, na katika Tarime na Serengeti, wazee wetu waliuhesabu ukeketaji kuwa mlango wa utu uzima. Msichana asiyekeketwa alidharauliwa na kuitwa msagane, na baba yake aliogopa kukosa ng'ombe wa mahari. Msimu wake ni Desemba, shule zikiisha kufungwa, hasa katika miaka igawanyikayo kwa mbili. Waalimu wajua yafuatayo: aliyekeketwa huhesabiwa kuwa tayari kuolewa, na wengine hawarudi darasani tena.

Madhara yake si hadithi. Damu hutoka nyingi, hata wengine hufa, vidonda huoza, makovu humtesa mama siku ya kujifungua. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitangaza uchunguzi wa akina mama wapatao 28,000 katika nchi 6 za Afrika, Kenya ikiwamo. Ilionekana kwamba waliokeketwa hutokwa damu zaidi wajifunguapo, na watoto wao wachanga hufa zaidi.

Je, waliotutangulia walifanyaje? Tuwatazame jirani zetu wa Kenya. Mwaka 1929 misheni kadha wa kadha za Kiprotestanti katika nchi ya Wakikuyu ziliwataka Wakristo waahidi kuiacha desturi hii. Watu wengi sana waliondoka, wakajenga shule zao wenyewe. Tena mwaka 1956 baraza la wazee wa Meru, liitwalo Njuri Ncheke, lilipiga marufuku. Wasichana wengi wakatwaa nyembe wakajikeketa wenyewe, na katika miaka 3 watu zaidi ya 2,400 wakashtakiwa. Makatazo yalikuwa na nia njema, lakini msichana aliyeyatii hakuandaliwa mahali pa kusimama.

Kwetu Tanzania, sheria ya mwaka 1998 ilikataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Adhabu yake ni kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Hata hivyo kisu hakikutupwa, kilifichwa. Nasi makatekista hatuna budi kuungama kosa letu: mara nyingi tulimwambia msichana, "Usikubali," kisha tukamwacha arudi nyumbani peke yake.

Ndipo zikaanza nyumba za kukimbilia. Masanga, katika Tarime, masista Wakatoliki walianza mwaka 2008 kuwapokea wasichana wakati wa msimu. Mwaka 2014 Kanisa la Anglikana lilifungua Nyumba Salama huko Mugumu, Serengeti, chini ya uongozi wa Bi Rhobi Samwelly. Yeye mwenyewe alikeketwa akiwa na miaka 13, akatokwa damu hata akazimia. Katika nyumba hizo wasichana hulala salama na kufundishwa. Msimu ukiisha, wazazi huitwa, nao huahidi mbele ya wakuu kwamba hawatamkeketa mtoto. Wakikataa, hubaki akasomeshwa.

Matunda yameonekana, ijapokuwa polepole. Katika mkoa wa Mara, kati ya wanawake 100 wenye miaka 15 hadi 49, waliokeketwa walikuwa kama 40 mwaka 2010. Hesabu ya mwaka 2015 na 2016 ilikuta 32, na ile ya mwaka 2022 ikakuta 28.

Basi, ndugu zangu, tujifunze neno hili: katazo lisilo na nyumba ni mzigo uliotwikwa kichwani pa mtoto. Ninyi waalimu, kabla ya kufunga shule mwezi wa Desemba, mwambieni kila msichana mahali pa kukimbilia. Ninyi akina baba, semeni waziwazi barazani kwamba binti zenu hawatakeketwa. Nanyi vijana, semeni kwamba mtawaoa. Na usiku msichana akibisha mlangoni pako, mfungulie kwanza. Maswali yatangoja asubuhi.