Shukrani ya Mezani



Jioni ya leo tutaketi kula. Labda ni ugali na sukuma wiki, nasi tutashukuru kwa maneno yale yale, upesi upesi, jicho moja likichungulia sufuria. Kwa hiyo twataka kumkumbuka Martin Rinkart, mchungaji wa Kilutheri wa mji wa Eilenburg, Ujerumani.

Alizaliwa mjini humo mwaka 1586, akarudi kutumika huko mwaka 1617. Mwaka uliofuata vilianza vita vilivyodumu miaka 30. Kwa kuwa mji ulizungukwa na ukuta, wakimbizi walijazana ndani yake, na baada yao njaa na tauni. Katikati ya vita hivyo, yapata mwaka 1636, Rinkart alitunga shukrani fupi ya kusemwa mezani. Ndiyo iliyokuwa wimbo tunaouimba makanisani wakati wa mavuno na arusi. Wengi hudhani aliutunga kwa furaha ya amani ya mwaka 1648. Sivyo, vita vilikuwa bado vinawaka.

Tena mabaya zaidi yalikuwa mbele. Mwaka 1637 tauni ilipozidi, mchungaji mmoja aliuacha mji, wengine wakafa, Rinkart akabaki peke yake. Siku nyingine alizika watu 40 au 50. Inakadiriwa kwamba mwaka huo alizika zaidi ya 4,000, na mkewe mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliokufa. (Nasi wachungaji tukipata maziko matatu katika juma moja, twanung'unika!) Njaa ilipofuata, aliwagawia wenye shida chakula chake hata akabakiwa na kidogo sana nyumbani.

Je, mtu huyo alishukuru kwa ajili ya tauni? Hasha. Paulo aliwaagiza Wathesalonike washukuru katika kila jambo. Hakuwaambia waite msiba neema. Rinkart alilia na waliolia. Lakini mkate uliokuwa mezani ulikuwa mkate kweli, na aliyeutoa alikuwa Mungu yule yule wa siku za shibe. Mfiwa aweza kulitambua hilo, ingawa sauti yake yatetemeka.

Mwaka 1647 Johann Crüger alichapisha maneno yale pamoja na sauti tunayoijua. Rinkart alifariki Desemba 1649, baada ya kuishi katika amani mwaka mmoja tu.