Uhifadhi wa mafaili ya michezo ya simu

Uhifadhi wa mafaili ya michezo ya simu ni namna mchezo wa video unavyogawanywa na kuwekwa ndani ya simu janja, katika memori kadi au kwenye seva za mbali. Mchezo mmoja kwa kawaida si faili moja. Una sehemu tatu: programu yenyewe, data za mchezo (picha, sauti, ramani) na rekodi ya mchezaji, yaani hatua aliyofikia. Kila sehemu ina mahali pake. Sehemu mbili za kwanza zikipotea zinaweza kupakuliwa tena, lakini rekodi ya mchezaji ikipotea bila nakala hairudi.

Jambo hili lina uzito zaidi pale ambapo intaneti hununuliwa kwa bando dogo na simu ina hifadhi ndogo. Makala hii inahusu hasa simu za Android, kwa mifano kutoka Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa katika Mkoa wa Ruvuma, Tanzania.

## Historia

Michezo ya kwanza ya simu haikuhitaji kuhifadhiwa na mtumiaji. Mchezo wa nyoka (Snake) ulikuja ndani ya simu ya Nokia 6110 mwaka 1997, na haukuweza kuongezwa wala kuondolewa. Baadaye simu za vitufe zilianza kutumia michezo ya Java. Kila mchezo wa aina hiyo ulikuwa faili moja la JAR, mara nyingi dogo kuliko MB 1, lililoweza kurushwa kutoka simu hadi simu kwa Bluetooth.

Simu ya kwanza ya Android kuuzwa, HTC Dream ya mwaka 2008, ilikuwa na hifadhi ya ndani ya MB 256 tu, pamoja na nafasi ya memori kadi. Toleo la Android 2.2 (2010) liliruhusu sehemu ya programu kuhamishiwa kwenye kadi. Mwaka 2012 Google iliruhusu watengenezaji kuambatanisha mafaili ya ziada ya OBB, mawili kwa kila programu, kila moja la hadi GB 2, kwa sababu faili la programu (APK) wakati huo halikuruhusiwa kuzidi MB 50 katika duka lake.

Android 4.4 (2013) ilizuia programu kuandika popote zinapotaka kwenye memori kadi. Android 6.0 (2015) ilileta uwezo wa kuifanya kadi iwe sehemu ya hifadhi ya ndani. Tangu Android 11 (2020), programu moja hairuhusiwi kufungua folda ya data ya programu nyingine. Tangu Agosti 2021, programu mpya katika duka la Google hupakiwa kwa muundo wa App Bundle, na kila simu hupewa vipande inavyovihitaji tu.

## Sehemu tatu za mchezo

Programu. Hili ni faili la APK, au mafungu kadhaa ya APK kwa michezo mipya. Simu huliweka katika eneo la mfumo ambalo mtumiaji wa kawaida halioni.

Data za mchezo. Hizi ndizo hula nafasi kubwa. Huwekwa katika folda ya *Android/obb* au *Android/data*, ndani ya folda ndogo yenye jina la programu. Michezo mingi hupakuliwa ikiwa midogo, kisha inapofunguliwa mara ya kwanza huomba kupakua data nyingine. Kwa hiyo ukubwa unaoonekana dukani si lazima uwe ukubwa wa mwisho. Michezo ya mapigano ya mtandaoni, kama Call of Duty: Mobile na PUBG Mobile, hufikia GB kadhaa.

Rekodi ya mchezaji. Hili mara nyingi ni faili dogo sana, la KB au MB chache. Katika michezo ya mtandaoni rekodi hukaa kwenye seva za kampuni na hufungwa kwenye akaunti ya mchezaji. Katika michezo isiyohitaji intaneti hukaa ndani ya simu, na huko ndiko hatari ya kupotea ilipo.

Pamoja na hizo kuna akiba ya muda, yaani mafaili ambayo mchezo unaweza kuyatengeneza upya ukiyahitaji.

## Mahali pa kuhifadhi

### Hifadhi ya ndani

Hifadhi ya ndani ndiyo mahali bora pa mchezo unaochezwa mara kwa mara, kwa kuwa husomwa haraka kuliko memori kadi nyingi. Simu iliyoandikwa GB 32 haimpi mtumiaji GB 32 kamili, kwani mfumo wa Android na programu zilizokuja na simu huchukua sehemu kubwa. Inashauriwa kuacha angalau asilimia 10 ya hifadhi ikiwa wazi. Simu iliyojaa huwa nzito, na masasisho hushindwa kuingia.

Hifadhi isichanganywe na RAM. RAM ni nafasi ya kazi ya muda wakati mchezo unachezwa. Kuongeza memori kadi hakuongezi RAM, wala hakufanyi mchezo mzito ukimbie kwenye simu isiyouweza.

### Memori kadi

Kadi za microSD hutumika kwa njia mbili:

* Hifadhi ya kuhamishika. Kadi inaweza kutolewa na kusomwa na simu nyingine au kompyuta. Inafaa kwa nyimbo, video, picha na nakala za mafaili ya michezo.
* Hifadhi ya ndani ya nyongeza. Kadi husimbwa kwa siri na kufungwa kwenye simu moja. Programu na data zake zinaweza kuwekwa humo, lakini kadi ikihamishiwa simu nyingine haisomeki mpaka ifutwe yote. Baadhi ya watengenezaji, wakiwemo Samsung, hawakuiweka njia hii katika simu zao.

Kasi ya kadi ina maana kubwa kwa michezo. Alama ya A1 ina maana kwamba kadi inaweza kusoma angalau mara 1,500 na kuandika mara 500 kwa sekunde katika mafaili madogo. Alama ya A2 ni mara 4,000 na 2,000. Kadi isiyo na alama hizo huweza kuhifadhi nyimbo vizuri, lakini mchezo uliowekwa humo ukakwama kila unapofungua ukurasa mpya.

Kadi za hadi GB 32 (SDHC) kwa kawaida hutumia mpangilio wa FAT32, ambao haupokei faili moja lililofikia GB 4 au zaidi. Kadi za zaidi ya GB 32 (SDXC) hutumia exFAT, ambao hauna kikwazo hicho.

Sokoni kuna kadi bandia zinazoonyesha GB 64 au 128 ilhali nafasi halisi ni ndogo sana. Kadi hizo hupokea mafaili bila kulalamika, kisha mafaili hayo hayafunguki. Kadi mpya inaweza kupimwa kwenye kompyuta ya Windows kwa programu ya H2testw kabla ya kuaminiwa.

### Wingu

Huduma ya Google Play Games, iliyoanza mwaka 2013, huhifadhi rekodi za michezo inayoiunga mkono. Android 6.0 na zinazofuata pia zina nakala ya kujiendesha, inayotunza hadi MB 25 kwa kila programu kwenye akaunti ya Google, ikiwa mtengenezaji wa mchezo hakuizuia. Hata hivyo, nakala hiyo kwa kawaida husubiri simu iwe kwenye Wi-Fi na isiwe inatumika. Mtu anayetumia bando la simu peke yake anaweza kukaa miezi bila nakala yoyote kufanyika, huku akidhani rekodi zake ziko salama. Ruhusa ya kutumia data za simu kwa kazi hiyo hutolewa katika mipangilio ya nakala.

Simu za iPhone hazina nafasi ya memori kadi. Tangu iOS 11 (2017) zina njia ya kuondoa programu bila kufuta data na rekodi zake.

## Kufuta na kuhamisha

Vitendo vinne huchanganywa mara nyingi:

* Kufuta akiba huondoa mafaili ya muda tu. Rekodi ya mchezaji hubaki.
* Kufuta data hurudisha mchezo katika hali ya siku ya kwanza. Rekodi iliyo ndani ya simu hupotea, na data za ziada huhitaji kupakuliwa tena.
* Kuondoa programu hufuta programu, rekodi, na folda zake ndani ya *Android/data* na *Android/obb*.
* Kurudisha simu katika hali ya kiwandani, ambako pia hutokea mara nyingi simu inapoflashiwa na fundi, hufuta vyote vilivyo katika hifadhi ya ndani.

Kwa sababu hiyo, simu ikijaa ni vizuri kuanza na vitu visivyo na hasara: akiba ya muda, video zilizopokelewa kwenye WhatsApp, na picha zinazoweza kuhamishiwa kwenye kadi. Kuondoa mchezo kuwe hatua ya mwisho.

Kurusha mchezo kwa programu kama Xender hupeleka APK, na wakati mwingine OBB. Hakupeleki rekodi ya mchezaji, na data zilizopakuliwa baada ya mchezo kufunguliwa huachwa. Mchezo wenye mafungu kadhaa ya APK hukataa kusakinishwa ikiwa fungu moja tu ndilo lililotumwa.

## Michezo ya PSP kwenye simu

PPSSPP ni programu iliyoanzishwa na Henrik Rydgård mwaka 2012. Huwezesha simu kucheza michezo iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine ya PSP ya kampuni ya Sony. Mchezo wa PSP huwa faili moja la ISO, au la CSO lililobanwa, na haliwezi kuwa kubwa sana kwa kuwa diski ya PSP ilibeba GB 1.8 tu.

Faili la ISO linaweza kukaa popote, hata kwenye memori kadi. Rekodi za mchezaji hukaa katika folda ya *PSP/SAVEDATA*. Matoleo mapya ya PPSSPP humwuliza mtumiaji achague folda ya kutumia. Akichagua folda ya kawaida ya simu, rekodi hubaki hata programu ikiondolewa. Akichagua folda binafsi ya programu, hufutwa pamoja nayo. Kunakili folda ya *PSP* kwenye kadi mara kwa mara ni njia rahisi ya kulinda rekodi hizo bila intaneti.

## Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa

Mji wa Mbinga uko katika nyanda za juu za Umatengo, eneo la kahawa. Kutoka hapo barabara ya lami ya takriban kilomita 66 hushuka hadi Mbamba Bay, makao makuu ya Wilaya ya Nyasa, iliyotengwa na Wilaya ya Mbinga mwaka 2012. Kwenye mwambao huo ziko pia Liuli na Lituhi. Milima huzuia mawimbi ya simu, hivyo nguvu ya mtandao huweza kubadilika sana katika umbali mfupi.

Kipato cha kahawa huja kwa msimu, na cha dagaa na samaki hutegemea ziwa. Katika hali hiyo, bando linaloisha baada ya siku au wiki halitoshi kupakua mchezo mkubwa mara mbili. Mchezo wa GB 1.5 ukifutwa na kurudishwa mara tatu kwa mwaka hula GB 4.5 bila mchezaji kupata kitu kipya.

Kwa mfano, kijana wa Liuli mwenye simu ya GB 32 iliyojaa ana mchezo wa soka usiohitaji intaneti, wenye APK ya MB 100 na data za GB 1.4. Akiuondoa ili kupata nafasi ya picha, hupoteza msimu mzima aliocheza na GB 1.5 za bando. Akihamishia picha na nyimbo zake kwenye kadi, hupata nafasi ileile bila gharama ya intaneti. Akilazimika kubadili simu, anaweza kunakili folda ya OBB ya mchezo huo kwa waya wa USB kupitia kompyuta, ambayo mara nyingi huiona folda hiyo hata pale simu yenyewe inapoificha. Simu mpya ikisakinishwa toleo lilelile la mchezo, haitahitaji kupakua data hizo upya.

Anayesafiri kwenda Mbinga au Songea, ambako anaweza kupata Wi-Fi, anaweza kutumia nafasi hiyo kusasisha michezo na kuacha nakala ya kujiendesha ifanyike. Katika duka la Google Play, masasisho yanaweza kuwekwa yafanyike kwenye Wi-Fi pekee, ili bando lisiliwe kimyakimya.

Simu inayotumiwa na watu kadhaa katika familia inahitaji makubaliano. Mtoto anayefuta data ili mchezo uanze upya huweza kufuta rekodi ya kaka yake. Baadhi ya simu za Android huruhusu kufungua watumiaji tofauti, lakini kila mtumiaji huongeza mzigo kwenye hifadhi.

## Usalama na hakimiliki

APK iliyopokelewa kwa kurushwa haijapita katika ukaguzi wa duka. Inaweza kubeba programu haribifu inayosoma ujumbe mfupi, na hatari hiyo ni kubwa katika simu inayotumika pia kutuma na kupokea fedha. Mchezo wa soka au wa magari hauna sababu ya kuomba ruhusa ya kusoma ujumbe au orodha ya majina, na ukiiomba ni vyema kuukataa.

Nchini Tanzania, programu za kompyuta, zikiwemo za michezo, hulindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA. Kunakili na kuuza mafaili ya ISO au APK za kulipia bila idhini ya mwenye haki ni kosa, hata kama PPSSPP yenyewe ni programu halali na ya bure.

## Tazama pia

* Simu janja
* Android
* Memori kadi
* Wilaya ya Nyasa