Majirani Wenye Mwiba

Mtaa ninaokaa hapa mjini Singida unaitwa Utemini. Jina hilo lina mtemi ndani yake, na wako wanaolihusisha neno mtemi na kutema, kwa maana ya kukata: mtemi ni yule aliyelifyeka pori wa kwanza, watu wakamfuata wakajenga. Cheo cha mtemi kilifutwa kwa sheria mwaka 1963, ila jina limebaki. Nami nalipenda kwa sababu moja. Aliyelifyeka pori wa kwanza ndiye aliyekutana wa kwanza na wenyeji wake: nyuki katika tundu la mti, nyigu chini ya tawi, buibui baina ya vichaka. Kila bustani ilianza kwa mkutano huo, na mkutano wenyewe haujakwisha.

Mimi ni mtu wa Unguja. Nimekulia chini ya minazi, nikaletwa Utemini na ndoa. Nyuma ya nyumba yetu pana mwembe mmoja na matuta ya maboga. Mwaka wangu wa kwanza hapa, kundi la nyuki lilitua katika mwembe ule. Nilihofia watoto. Usiku nikafunga matambara kwenye ufito, nikayatia mafuta ya taa, nikawachoma. Asubuhi nilifagia nyuki waliokufa wakajaa ndoo, nikajiona mlinzi hodari wa nyumba yangu.

Mvua zilizofuata, maboga yalitoa maua tele na matunda hayakufika matano. Boga lina maua ya kiume na ya kike, kila moja mbali na mwenziwe, na ua la kike lisilofikiwa na chavua hudondoka tu. Mama mkwe, ambaye ni Mnyaturu, alipokuja kututembelea alichuma ua la kiume, akalisugua taratibu ndani ya la kike, kisha akaniambia, "Mwanangu, kazi hii ilikuwa na wenyewe. Umewachoma." Sisemi kwamba kundi lile moja ndilo lililokuwa likiuhudumia mtaa mzima, majirani nao walikuwa wakipulizia dawa kila wiki. Hata hivyo maneno yale yaliniingia, na tangu siku ile nimekuwa nikiitafuta historia yetu na viumbe hawa.

Ya kwanza niliipata kinywani mwake yeye mwenyewe. Wanyaturu wanamkumbuka mwanamke aliyeitwa Liti Kidanka, aliyewaongoza watu wake kuwapinga Wajerumani katika muongo wa kwanza wa karne ya 20. Inasimuliwa kwamba askari wa Kijerumani walipomjia, aliwatuma nyuki, nao wakawatawanya wenye bunduki. Mwisho wake aliuawa. Na leo uwanja wa mpira wa Singida, uliokuwa ukiitwa Namfua, unaitwa Liti. Anayetaka kubishana juu ya uwezo wa kuwatuma nyuki na abishane. Mimi nasikia jambo jingine katika masimulizi hayo. Nchi hii ni ya warina asali. Watu wake walijua mizinga ilipotundikwa, na saa ambayo nyuki hawapendi kuguswa. Aliyevamia hakujua lolote katika hayo. Tofauti baina ya mwenyeji na mgeni ilikuwa ni elimu ya nyuki.

Ya pili ni ya pwani yetu wenyewe. Tarehe 2 Novemba 1914 Waingereza walianza kuteremsha jeshi lao Tanga, wengi wao askari kutoka Bara Hindi, jumla yao kiasi cha 8,000. Von Lettow-Vorbeck, akiwa na watu wapatao 1,000, askari Waafrika wakiwa ndio wengi, aliwazuia na kuwarudisha baharini. Katika mapigano makali ya tarehe 4, risasi ziliwachokoza nyuki waliokuwa mitini, nao wakashuka kwa hasira. Waliwauma wa pande zote mbili, ila walioumia zaidi ni Waingereza waliokuwa wakisonga mbele. Baadaye ukazuka uvumi kwamba Wajerumani waliifunga mizinga kwa nyuzi ili adui akijikwaa nyuki watoke. Ilikuwa rahisi kwa jeshi lililoshindwa kuamini hila ya mzungu mwenziwe kuliko kukubali kwamba nyuki alikuwa akiilinda nyumba yake.

Ya tatu ilivuka bahari. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazil, Warwick Kerr, aliwachukua malkia wa nyuki kutoka Afrika, wengi kutoka Afrika Kusini, na miongoni mwao wakiwamo wa Tabora, jirani zetu hawa wa magharibi. Alitaka kupata nyuki atakayeifaa nchi ya joto kuliko yule wa Ulaya. Mwaka 1957 makundi 26 yalitoroka karibu na mji wa Rio Claro, yakachanganyika na nyuki waliokuwako, na kizazi chao kikaenea bara zima mpaka kuingia Marekani mwaka 1990. Huko wakapewa jina la nyuki wauaji. Ni kweli kwamba watu walikufa, na mifugo pia. Lakini wafugaji wa Brazil hawakuacha kazi. Waliisogeza mizinga mbali na nyumba, wakavaa mavazi mazito, wakaongeza moshi, na asali yao ikaja kuwa nyingi kuliko zamani. Walijifunza kwa uchungu yale ambayo mrina wa Tabora na wa Singida huyapokea kwa baba yake: mzinga hutundikwa mbali na makazi, huendewa usiku, na hufushwa moshi kabla ya kuguswa.

Huenda msomaji wa visiwani akaniambia kwamba hayo ni mambo ya bara. Basi na apande mnazi. Nani katika sisi hajaumwa na majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota? Mkwezi huwalaani, na mchuma karafuu naye huwalaani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtafiti wa Kiingereza, M. J. Way, aliwachunguza majimoto hao Unguja. Wakati huo minazi mingi ilikuwa ikidondosha vidaka kabla ya kufikia kuwa madafu, na mwenye kosa alikuwa kunguni mmoja wa mnazi anayefyonza tunda changa. Ilibainika kwamba mnazi uliokaliwa na majimoto huhifadhika, kwa kuwa majimoto humwinda kunguni yule. Na penye sisimizi wa ardhini wanaowafukuza majimoto, nazi hupungua. Kunguni huyo amepewa jina la Way katika vitabu vya wataalamu. Kwa hiyo yule aliyekuwa akituuma utotoni alikuwa mlinzi wa tui la mama zetu.

Nimefanya kazi ya tafsiri kwa miaka mingi, na mara kadhaa nimepewa vijitabu vya kilimo. Humo nimekutana na neno moja la kigeni linalowakusanya viumbe wote wasiotakiwa na kuwafanya adui mmoja, na dawa moja ya kuwamaliza. Kiswahili chetu hakikuwaona hivyo. Kina nyuki na nyigu, mavu na siafu, majimoto na sisimizi, tandu na nge, kila mmoja kwa jina lake, kwa sababu kila mmoja alihitaji tahadhari yake. Na buibui je? Jina lake tulilipa vazi la heshima la wanawake wa pwani. Katika Qurani nyuki na buibui kila mmoja ana sura inayoitwa kwa jina lake, ya 16 na ya 29, na sote tulisimuliwa utotoni habari ya utando uliofumwa mlangoni mwa pango. Watu waliolelewa na masimulizi hayo hawakupaswa kuhitaji kukumbushwa na mimi.

Siku hizi nawatazama upenuni kwangu. Buibui wametandaza nyavu zao, na kila asubuhi zimejaa mbu na nzi. Nyigu mwenye kiuno chembamba anajenga vyumba vya udongo ukutani. Humchoma buibui akapooza, humtia chumbani, hutaga yai juu yake na kuufunga mlango, ili mwanawe akianguliwa akute chakula. Huyu anampunguza yule, na mimi sikuombwa kuwa hakimu wao.

Sitaki kumpamba nyuki. Yuko mtu ambaye mwiba mmoja tu humfunga pumzi, na mbele ya mtu huyo hapana shairi wala historia, hukimbizwa hospitali. Mwaka juzi kundi jingine lilipotua katika mwembe wangu, niliwafungia watoto ndani, nikawaonya majirani, nikamwita mrina. Alikuja baada ya magharibi na sanduku lake, akafusha moshi, akawateremsha taratibu kama anayemlaza mtoto aliyesinzia. Yumo shambani kwake sasa nje ya mji, penye alizeti, pamoja nao.

Msimu uliopita aliniletea chupa ya asali. Nilimpelekea mama mkwe. Alionja, akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Na maboga?"

Nikamwambia, "Mama, mwaka huu tumegawa."